Jogoo wa Suruali

Somoe amezikwa Ijumaa, mimi nimepata habari Jumatatu. Mjukuu wake alikuja na baiskeli kutoka Makote, alikohamia Somoe uzeeni, akaniamkia shikamoo bibi, nikamwitikia marahaba, akabaki amesimama mlangoni anachezea kengele ya baiskeli kwa kidole. Nikajua. Kijana mwenye habari njema huomba maji kwanza. Nilimwambia aketi, nikampikia uji, nikamwacha aumalize, maana ametoka mbali na marehemu alikwisha kuzikwa, hakuna tena wa kumuwahi. Kesho yake nilikwenda matangani kwa miguu yangu hii hii, huku watu wakisema bibi pumzika. Nilipumzika nilipofika. Nilikaa mkekani na wanawake wa ukoo wake siku tatu, nikala wali wa msiba, nikasikiliza wanavyomsifu: alikuwa mpole, alikuwa mtu wa sala, hakuwa na neno na mtu. Alikuwa na neno na mtu. Alikuwa na neno na mimi, miaka hamsini na zaidi, na alilisema mara moja tu.

Wajukuu zangu wanaosoma wakija likizo hunizunguka wakitaka habari za vita vya Maji, kwa sababu mwalimu wao amewaagiza waulize wazee. Wanataka bunduki. Wanataka nani alimpiga nani. Nawaambia vita sikuviona. Niliona moshi, nikaona njaa, na katikati ya moshi na njaa niliona kuku. Wanacheka, wananiambia bibi, kuku tena? Wacheke. Mimi mwaka ule nilikuwa msichana ambaye bado hajaingia unyagoni, jina langu Chiku, na jina lilinifaa, kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na mlango. Mambo mengine ya utotoni yamenitoka kabisa. Ya mwaka ule nikifumba macho nayaona, mpaka harufu ya kinyesi cha kuku kwenye majivu naisikia, na wakati mwingine naamka asubuhi nikidhani Somoe yuko upande wa pili wa mkeka.

Mama yangu alikuwa hakimu wa kuku. Sisemi kwa kujigamba, ingawa kujigamba najua. Nyumba za kijiji chetu zilisongamana, kuku walilala ndani pamoja nasi, na mchana walitaga wanapotaka: wa huyu kwenye kikapu cha yule, wa yule chini ya kitanda cha huyu. Ugomvi haukuisha. Basi wanawake walimletea Mama yai. Alifumba macho, akaliviringisha kiganjani, kisha akalitazama juani. Hili refu, limechongoka, rangi ya maziwa yaliyolala: ni la kishingo, yule kuku wa shingo tupu. Hili dogo la mviringo, jeupe kama unga: ni la kibutu asiye na mkia. Hili zito, lina wekundu kwa mbali sana: la kuchi, yule mrefu wa miguu. Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja kama mtu aliyenyeshewa akakaushwa vibaya, yai lake lina chembechembe, ukipapasa unazisikia. Mama alikuwa na ndonya kubwa kwenye mdomo wa juu, na alipokwisha kuamua, ndonya ilishuka ikatulia, nasi tukajua kesi imekwisha. Hakuna aliyebisha. Sisi wasichana mayai tuliyashika tu. Kuyala tulikatazwa, tuliambiwa tutakuwa tasa. Nilijua rangi ya kila yai la kijiji kile, ladha yake sikuijua.

Baba Somoe hakuwa wa kwetu kwa kuzaliwa. Alikuwa Myao wa upande wa Chiungutwa, alioa kwetu akaja kukaa kwa wakwe kama desturi ilivyo, na mkewe alipokufa alibaki kwa ajili ya mtoto. Kazi yake ilikuwa kubeba mpira wa msituni kupeleka Lindi, na kila akirudi alikuja na kitu ambacho hatujakiona: kioo, kiberiti, mara nyingine neno tu. Alikuwa mtu wa kupenda mapya. Macho yake yalikuwa yanang'aa kabla hajaanza kusema. Mwaka ule alirudi na jogoo. Jogoo mweusi, mweusi wa kung'aa kijani juani, mkubwa kama mbuzi mchanga, na manyoya yake yalishuka mapajani mpaka kwenye vidole. Wanawake waliacha vinu wakaja kutazama. Mama alimzunguka mara mbili, mikono kiunoni, akasema huyu amevaa suruali kama askari wa boma, tutaanza kumpigia saluti. Tukacheka sote, hata Baba Somoe. Ndipo akatuambia kwamba huko Lindi, uani kwa tajiri mmoja, amewaona mama zake na dada zake jogoo yule, na mayai wanayotaga si meupe. Ni ya rangi ya chungu kipya kinapotolewa motoni.

Mtu wa leo atauliza, rangi ya ganda ina faida gani. Mtu wa leo ana banda la kuku. Kwetu kuku alikimbilia kutaga porini, na yai jeupe kwenye majani makavu kenge huliona kutoka mbali, kunguru ndio kabisa. Yai la rangi ya udongo lingelala pale bila mtu kulijua. Basi kila mwenye kuku alimleta kwa jogoo wa suruali. Kwa muda wa mwezi mzima ua wa Baba Somoe ulikuwa kama sokoni Lisekese: matenga, makelele, manyoya, na Baba Somoe katikati akigawa zamu, hamtozi mtu kitu, anawaambia subirini mtaona. Somoe alikuwa anatembea shingo juu. Alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kabla ya jogoo yule hakuna aliyekuwa anamtazama mara mbili. Mimi nilimtazama. Tulikuwa tunateremka pamoja korongoni kufuata maji, maana juu ya uwanda wetu maji hakuna, unatoka alfajiri unarudi jua la utosi, na njia nzima mimi nasema na yeye anasikiliza.

Kuku wakaanza kutaga. Meupe. Yale yale: ya kishingo rangi ya maziwa, ya kibutu kama unga. Wanawake wakangoja wiki, wakangoja mbili, kisha wakaja kwa Mama na mayai yao kwenye ungo, Baba Somoe naye akaitwa. Mama aliyapapasa yote, moja moja, mbele ya watu. Baba Somoe alisema, Mama Chiku, niliyaona kwa macho haya. Mama akamjibu, "Macho yako yalikuwa Lindi. Mayai yako hapa." Halafu akasema kwamba mtu aliyezoea kubeba mizigo ya watu mwishowe hubeba na maneno ya watu, na haya aliyotubebea ni ya uongo. Ndonya ikashuka. Kesi ikaisha. Hapo ndipo mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma ya Mama, nilipopaza sauti nikamwita Baba Yai Jeupe. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jina likashika. Watoto walimfuata nalo njiani, watu wazima wakalitumia kumwulizia alikokwenda. Nililitunga mimi, na siku ile nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima. Somoe alikuwa amesimama karibu na kinu. Hakunitazama. Kesho yake alfajiri alikuja tukaenda maji kama kawaida, na mimi nikadhani yamekwisha.

Yalikuwa makosa ya kijinga, na tuliyafanya sote, na Mama mwenye kujua kuku kuliko wote ndiye aliyetuongoza. Tulidhani jogoo hugeuza yai la mkewe. Leo hata mjukuu wangu mdogo atakuambia kuku hutaga yai la damu yake mwenyewe, umpandishe jogoo wa rangi yoyote. Jogoo yumo kwa watoto. Ilipasa tungoje mabinti. Lakini nani alikuwa na subira ya kungoja vifaranga wakue, wakati kichekesho kipo mkononi? Waliochukua vifaranga vya jogoo yule waliwala wangali wadogo, kwa dharau. Somoe peke yake ndiye aliyewaweka wa kwake, saba, wa kishingo wake mweupe, kwa sababu tu walikuwa watoto wa jogoo wa baba yake.

Halafu zikaja habari za maji. Alipita mtu kutoka bondeni na dawa, maji yaliyotiwa mtama na mbarika, akasema ukiyanywa risasi ya Mdachi itakutiririka mwilini kama mvua. Wengine walisita. Baba Somoe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunywa. Alijifunga bua la mtama kichwani, akashuka Masasi na wengine, na kutoka ukingoni mwa uwanda tuliona moshi wa Masasi siku mbili. Walirudi wachache, yeye hakuwamo. Aliyemwona akianguka alitusimulia jikoni kwetu, amekaa kwenye kigoda, Mama akimpa ugali wa mtama na kunde, naye anakula haraka haraka kama anayefukuzwa. Kijiji kikasema jogoo wake uongo, maji yake uongo, utadhani maji yale alikuwa ameyatengeneza yeye. Mama alimchukua Somoe akalala kwetu, mkeka mmoja na mimi. Usiku wa kwanza hakulia. Aliniambia tu kwamba asubuhi ya kuondoka baba yake alimwambia, "Nikirudi hawataniita jina lile." Nikajifanya nimelala.

Askari walipopanda uwandani tulikimbilia vichakani, vile vichaka vyetu vya Newala ambavyo mtu akiingia hatua tano humwoni. Tulikuwa nyumba tano. Nyuma yetu maghala ya mtama yakachomwa, mashamba yakachomwa. Somoe alibeba jogoo na vifaranga wake kabla ya kubeba nguo. Wanaume walisema jogoo achinjwe, akiwika atatuuza. Somoe akawaambia jogoo asiyeweza kunyoosha shingo hawezi kuwika, akamsukia tenga la chini, fupi, jogoo ndani yake ameinama kama mtu kwenye mlango mbaya. Siku nne hakutoa sauti. Siku ya tano kamba ya juu ililegea, akawika mara moja tu. Hakuna aliyegomba. Wanaume wetu walikuja wakamchukua, wakamchinja. Somoe alipewa paja. Alilishika mpaka likapoa, akanipa mimi, nikalila. Nasema kama ilivyokuwa: nililila na mfupa nikauvunja.

Vifaranga nao wakapungua. Mwewe alichukua, kicheche alichukua, ugonjwa ulichukua. Mvua zilipoanza alibaki mtetea mmoja. Sijapata kuona kiumbe mbaya wa sura kama yule. Shingo tupu, nyekundu, ya mama yake. Chini suruali nyeusi za baba yake. Katikati manyoya machache yasiyojua yageuke upande gani. Mama alimwita Suruali. Chakula chetu wakati ule kilikuwa ming'oko, ile mizizi ya porini, tunachimba kutwa kupata ya kujaza kiganja, na majani ya kila aina, mengine yanafungua tumbo. Bibi, mama yake Mama, alikuwa nasi; mdogo wake alikufa, na mtoto wa nyumba ya tatu. Mama akaanza kumtazama Suruali kwa jicho la sufuria. Siku moja akachukua kisu, akakinoa kwenye jiwe, bila hasira, kama mtu anayefagia. Somoe alikwenda akamkalia yule kuku. Alimkalia kweli, akamfunika kwa miguu yake. Akasema, Mama, ngoja atage. Mara moja tu. Nataka kuliona yai lake, kisha mchinjeni. Mama akauliza yai litatusaidia nini, halishibishi hata panya. Somoe akasema, "Ulitazama mayai ya mama zao. Ya mabinti hujayatazama."

Nakumbuka Mama alivyoacha kunoa. Alikuwa mtu wa haki, Mama yangu, hata njaa haikuliua hilo. Akasema haya, mpaka mwezi uandame. Mwezi ukiandama sijaona yai, namla. Ilikuwa kama siku kumi na mbili zimebaki.

Siku zile ndizo ninazozikumbuka kwa hamu, na Mungu anisamehe kukumbuka njaa kwa hamu. Tulikuwa tunaondoka na kipande cha jembe, mimi na Somoe, kutafuta vichuguu. Nachimba mimi, yeye anaokota mchwa kwenye jani, na Suruali anatufuata nyuma na miguu yake ya askari, akijikwaa. Tulikubaliana wanono tule sisi, wadogo tumpe yeye, halafu tukawa kila mmoja anamdanganya mwenzake, tunampa na wanono. Somoe alianza kuzungumza. Miaka yote nilikuwa nasema mimi, sasa alisema yeye, kwa ile sauti ya chini: habari za Lindi alizosimuliwa na baba yake, taa zinazoning'inia, mkate unaoumuka wenyewe. Alicheka mara mbili. Nilikuwa nimeshika jembe na tumbo langu limeshikana na mgongo, na sijapata kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu nilimpenda.

Mwezi uliandama na mawingu. Mama alitoka jioni akasimama, akasema umeandama. Somoe akasema nani kauona? Wakabishana, mtoto na mtu mzima, wote wametazama mbingu nyeusi. Mwishowe Mama akasema mawingu hayo nayo hayanilishi, lakini nisije nikaambiwa nimekula kuku wa mtu kabla ya siku. Akampa siku mbili. Ya pili, kabla ya adhuhuri, tulimsikia Suruali analia ule wito wa kuku aliyetaga, nyuma ya kibanda, kwenye majani makavu. Tulitafuta tusilione. Mguu wangu ulikuwa karibu ulikanyage. Lilikuwa pale pale wazi, rangi ya udongo, rangi ya chungu kipya, na Somoe akalifunika kwa mikono miwili kama mtu anayekinga moto usizimwe na upepo.

Alimpelekea Mama. Mama alilitazama, akatemea mate kidole gumba, akalisugua. Akachukua majivu akalisugua tena. Alidhani tumelipaka udongo, na ningekuwa yeye ningedhani hivyo pia. Rangi haikutoka. Akafumba macho akaliviringisha kiganjani kama zamani, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Bibi, aliyekuwa amelala pembeni, akauliza kuna nini. Somoe akasema, "Mama Chiku, sema." Hakusema Mama. Alimwita kama mtu wa nje anayeleta kesi.

Mama alifumbua macho akasema, "Baba yako alisema kweli. Mimi ndiye niliyetazama kabla ya wakati." Halafu akainuka, akatoka kwenye mvua na lile yai kiganjani, na mimi nikamfuata. Aliingia kibanda kwa kibanda, vyote vitano, akawaambia walioketi wasimame na waliolala wageuke, akawaonyesha, na kila mahali alirudia maneno yale yale: hili ni yai la binti wa jogoo wa Baba Somoe, yeye alisema kweli, uongo niliusema mimi. Ndonya ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Wengine hawakuelewa anataka nini, mtu na yai moja katika njaa ile. Mwanamke mmoja, mwenye kufiwa na mtoto, alimwambia, "Unatuamshia hilo?" Mama akamjibu, "Hilo." Akaendelea. Sijapata kuona mtu mkubwa kuliko yeye siku ile, na alikuwa mfupi.

Jogoo hatukuwa naye tena, kwa hiyo lile yai lisingetoa kifaranga. Mama aliliweka kwenye jivu la moto akampa Bibi, kwa sababu Bibi alikwisha kuzaa wote wa kuzaa, katazo halikumhusu. Tulikaa tukamtazama. Alilimenya polepole, akatafuna kwa fizi, akasema ndani ni kama mengine tu. Tulicheka wote, na Somoe alicheka, lakini kicheko chake kilikwisha mapema, akawa ananitazama. Nikainuka kwenda kuni.

Suruali hakuchinjwa. Alitaga mengine tisa, ya rangi ile ile, na bila shaka yalitubakiza hai watu wawili watatu. Mtama ulipofika magotini, mjomba wake Somoe, aliyekuwa amehamia ng'ambo ya Ruvuma, alitokea. Alikuja kumchukua mtoto wa dada yake. Ni haki yake, hakuna wa kumzuia. Alilala siku moja, asubuhi wakaondoka. Mama alimpa Somoe kaniki yake iliyobaki, akampa na Suruali amfunge kwenye kikapu, akamwambia huko ng'ambo amtafutie jogoo. Mimi niliwasindikiza mpaka ukingoni, pale njia inapoanza kuteremka. Mjomba alitangulia. Tulisimama. Chini tuliona bonde lote, majani mabichi, hakuna moshi hata mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilikuwa nataka kumwambia nitakufuata, nitakuja unyago ukiisha, mambo ya wasichana. Somoe akanitangulia. Akasema, "Mama yako amesema. Wewe bado."

Mimi Chiku, mwenye mdomo usio na mlango. Nilikuwa nimemchimbia mchwa siku kumi na nne kwa viganja vilivyopasuka, na nilidhani wale mchwa wamekwisha kusema. Niliudhika. Nilisema moyoni, huyu anahesabu neno la mtoto, hahesabu jembe. Alingoja. Nakuambieni alingoja mpaka mjomba akaita mara ya pili. Nikakitazama kikapu, nikamwambia, "Mfunge vizuri, atatoka njiani." Akainama akaifunga kamba, akaikaza, akaijaribu kwa kidole kama ilikuwa imekaza, akateremka.